Sura ya Sita: Mdakanzi wa Mlimani

Msitu wa mlimani wenye unyevu haumwonyeshi mtazamaji ndege mzima. Humwonyesha mkia kwanza, halafu bawa nyuma ya jani, halafu humsikilizisha sauti nyembamba inayotoka mahali ambapo ndege keshapahama. Mwanga unashuka kutoka juu ya vilele vya miti, unampiga ndege mgongoni na kuliacha tumbo lake gizani. Majani mabichi nayo humtupia rangi yao, hata kijivu kikaonekana kijani na kahawia ikaonekana kijivu. Aliyejifunza ndege kwenye nyika, ambako jua ni kali na ndege hukaa wazi juu ya mgunga, akiingia humu hujikuta ameishiwa maarifa.

Wanaomsumbua zaidi ni ndege wadogo wanaodaka wadudu hewani, ambao katika kitabu hiki tunawaita wadakanzi. Wengi wana urefu wa sentimita 10 hadi 15, wana rangi za kijivu, nyeusi, nyeupe na kahawia, na hawatulii. Mgeni hufungua kitabu cha picha, akakuta kurasa nzima za ndege wanaofanana, akakifunga. Sura hii inapendekeza njia nyingine: rangi iwe ya mwisho. Kwanza uliza uko wapi, pili uliza ndege anawindaje, tatu tazama mkia wake unafanya nini. Ukifika kwenye rangi utakuta jibu limeshapatikana, na rangi inakuja kulithibitisha tu.

Mfano wetu mkuu ni ndege mmoja, Elminia albonotata, mdakanzi mwenye kishungi na mkia wenye ncha nyeupe. Bowdler Sharpe wa Uingereza alimpa jina la kisayansi mwaka 1891, kwa ndege aliyekusanywa na Frederick Jackson kwenye Mlima Elgon. Tangu hapo ameonekana katika misitu ya milimani kuanzia mashariki ya Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi, kupitia nyanda za juu za Kenya, Usambara, Uluguru na Udzungwa, hadi Malawi na milima ya mashariki mwa Zimbabwe. Hapatikani kwa shida. Ukienda mahali panapofaa na kusimama kimya, huenda atakuja mwenyewe. Kazi iliyobaki ni kujua kwamba ni yeye.

Kazi moja, koo nne

Kudaka wadudu hewani ni kazi, na kazi haina ukoo. Wadakanzi wa misitu ya Afrika Mashariki wanatoka katika familia zisizohusiana kwa karibu, ila maisha ya namna moja yamewapa maumbile ya namna moja: mdomo bapa ulio mpana kwenye shina, macho makubwa, na vinyweleo vigumu pembeni mwa mdomo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba vinyweleo hivyo ni wavu wa kunasia wadudu. Filamu za kasi kubwa zilipopigwa, zilionyesha kwamba mdudu hudakwa kwa ncha za mdomo. Maelezo yanayokubalika zaidi siku hizi ni kwamba vinyweleo husaidia kulinda macho dhidi ya mabawa na miguu ya windo linalopapatika.

Familia ya kwanza ni Muscicapidae, wadakanzi wenyewe wa Dunia ya Kale. Humo yumo Muscicapa adusta, kijindege cha kahawia cha nyanda za juu. Ya pili ni Platysteiridae, wenye miili mifupi minene na rangi nyeusi na nyeupe zilizogawanyika vizuri. Hawa ndio jamii ya Batis na jamaa zao wenye ngozi nyekundu juu ya jicho. Ya tatu ni Monarchidae, wenye vishungi na mara nyingi mikia mirefu, akiwemo yule mwekundu wa kutu, Terpsiphone viridis, ambaye dume lake huburuta mkia unaozidi mwili kwa urefu. Ya nne ni Stenostiridae, na mdakanzi wetu wa Elgon yumo humu.

Kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa Monarchidae kwa sababu ya kishungi chake. Uchunguzi wa vinasaba katikati ya miaka ya 2000 ukamtoa. Ilibainika kwamba yeye na jamaa zake wa jenasi ya Elminia ni ndugu wa kijindege mmoja wa maeneo makavu ya Afrika Kusini na wengine wa misitu ya Asia, wakiwemo wa milima ya Himalaya. Kwa hiyo ndege wawili wenye vishungi wanaoweza kukutana kwenye mteremko mmoja wa Usambara ni wageni kwa nasaba, wakati ndugu halisi wa mmoja wao yuko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mtazamaji asihadaike na kufanana kwa juu juu. Kishungi peke yake hakimtambulishi mtu.

Swali la kwanza: uko wapi?

Kabla ya kunyanyua darubini unaweza kufuta nusu ya majina. Chukua barabara inayopanda kutoka Muheza kwenda Amani, katika Usambara Mashariki. Chini, kwenye joto na mashamba, mdakanzi wa kijivu aliyekaa wazi huenda akawa Muscicapa caerulescens, ndege wa mapori na kingo za misitu, mwenye kijivu cha bluu na weupe kati ya jicho na mdomo. Katika misitu ya chini utamkuta mwenye kishungi wa Monarchidae, Trochocercus cyanomelas, ambaye makao yake yanaanzia misitu ya pwani. Ukifika Amani, kwenye mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inapoa, magome ya miti yanavaa kuvu na ndevu za miti, na uwezekano wa Elminia albonotata unapanda. Katika Usambara Magharibi, kwenye msitu wa Magamba juu ya Lushoto, uko nyumbani kwake kabisa.

Mwinuko ni mwongozo, si sheria. Wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, baadhi ya ndege wa Tao la Mashariki hushuka kwenye misitu ya chini na kupanda tena joto likirudi. Hivyo ndege wa mlimani akionekana mita mia kadhaa chini ya makao yake mwezi Julai, usiseme haiwezekani. Andika tarehe.

Kalenda nayo hufuta majina. Muscicapa striata, mdakanzi wa kahawia mwenye michirizi kichwani na kifuani, huzaliana Ulaya na Asia na kuja kwetu takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili. Ukikuta mdakanzi wa kahawia pembezoni mwa msitu katikati ya Julai, huyo mwondoe kwenye orodha. Hata akiwa msimuni, anapenda mahali pa wazi kuliko kina cha msitu.

Kisha tazama uko tabaka gani la msitu. Msitu wa mvua umepangwa kwa ghorofa: sakafu yenye majani makavu, vichaka na miche, miti ya kati iliyosukwa na mitambaazi, na paa la juu. Elminia albonotata hufanya kazi kwenye vichaka na ghorofa ya kati, hasa penye mitambaazi mingi. Ndege mdogo anayechakura kwenye majani makavu si yeye.

Swali la pili: anawindaje?

Hapa ndipo penye hazina ya sura hii. Mpe ndege dakika moja bila kumtafutia jina, na utazame namna anavyotafuta riziki.

Muscicapa adusta ni mvumilivu. Hukaa wima juu ya tawi lililo wazi, mara nyingi ukingoni mwa msitu, kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka au kwenye bustani ya nyumba ya mlimani. Hatingishi mkia, hahangaiki. Ghafla huchomoka, hudaka, na kurudi kwenye tawi lilelile au la jirani. Ni mdogo, sentimita 10 au 11, mnene kidogo, mkia mfupi, kifua kimechafuka kwa michirizi iliyofifia. Mtu anayeona kijindege cha kahawia kinachorudi kwenye tawi lake tena na tena katika nyanda za juu ameshakaribia jibu kabla hajaona michirizi hiyo. Kinda wake ana madoa meupe mwili mzima, na amewasumbua wengi waliodhani wamepata ndege mpya.

Batis ni mkaguzi. Hutembea ndani ya majani, akasimama, akainua kichwa na kuchungulia upande wa chini wa majani yaliyo juu yake, kisha akaruka na kuchopoa kiwavi au buibui. Mara nyingi wako wawili, dume na jike, nao husikika kwa miluzi ya polepole na kwa mvumo mfupi wa mabawa. Mkia wake ni mfupi sana, na hiyo ni dalili inayoonekana hata kwenye kivuli. Dume la Batis mixta wa Usambara lina barakoa nyeusi na mkanda mweusi kifuani; jike lake lina rangi ya kutu kifuani na mabawani.

Elminia albonotata hana subira wala ukaguzi. Yeye huvuruga. Huingia kwenye vichaka akiwa ameshusha mabawa, akageuka kushoto, akageuka kulia, akapanda shina la mtambaazi, akaning'inia, akachomoka nusu mita na kurudi mahali pengine. Muda wote huo mkia wake unafunguka kama upepeo na kufungwa, unafunguka na kufungwa. Mara nyingi huandamana na kundi la ndege mchanganyiko linalopita msituni pamoja, wakiwemo weusi wenye mikia ya pembe, wale wa kijani wanaokula matunda, na vijindege vya njano vya majanini. Msitu uliokuwa kimya unajaa ndege, na dakika tano baadaye kundi limepita. Ukisikia kundi linakuja, simama. Kulifuata mbio ni kulikosa.

Swali la tatu: mkia unafanya nini?

Mkia wa ndege huyu ni mrefu kwa mwili wake, na manyoya yake yamepangwa kwa ngazi: ya katikati marefu, ya pembeni mafupi. Ya katikati ni meusi. Ya pembeni yana ncha nyeupe pana, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo weupe unavyozidi. Matokeo yake ni kwamba ukimtazama kwa juu mkia ukiwa umefungwa, unaona weusi mtupu. Ukimtazama kwa chini, weupe ndio unaotangulia. Watu wawili waliosimama sehemu mbili tofauti za mteremko wanaweza kubishana kuhusu ndege mmoja, na wote wawili wakawa wameona sawa. Ngojea ufunguke.

Kwa nini ndege aliyejificha kwenye giza la msitu ajipigie debe kwa kitambaa cheupe? Jibu zuri limetoka katika msitu mwingine wa mlimani wenye ukungu, Monteverde nchini Kosta Rika. Huko mtafiti wa Kimarekani Ronald Mumme alichunguza kijindege cha familia nyingine kabisa, Myioborus miniatus, chenye kijivu mgongoni na weupe kwenye mkia ambacho nacho hufungua mkia huo kila wakati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 alipaka giza kwenye weupe wa mikia ya baadhi yao, na ndege hao wakashindwa kulisha makinda wao kwa kiwango cha wenzao. Weupe ule unaofunguka ghafla humshtua mdudu aliyetulia kwenye jani. Mdudu akiruka ili kujiokoa, ndege anamdaka hewani. Utafiti huo haukufanywa kwa ndege wetu, lakini wote wawili wana zana ileile na namna ileile ya kuitumia. Ni busara kuamini kwamba mkia wa mdakanzi wa Elgon nao ni chombo cha kuwindia. Kwa mtazamaji ni habari njema, maana alama ambayo ndege anaitegemea kwa chakula chake hawezi kuificha muda mrefu.

Sasa njoo kwenye rangi

Ukishajibu maswali matatu, rangi zinasomeka haraka. Elminia albonotata ana kichwa cheusi cha kijivu chenye kishungi kifupi, mgongo wa kijivu, koo na kifua vya kijivu vinavyofifia hadi tumbo jeupe. Bawa halina alama. Dume na jike wanafanana. Urefu ni sentimita 13 hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia.

Wanaoweza kumkanganya ni wachache, na kila mmoja ana kasoro inayomfichua. Trochocercus cyanomelas ana kishungi kirefu zaidi na weupe kwenye bawa. Dume lake lina koo jeusi linalong'aa kwa bluu, na mkia wake hauna ncha nyeupe. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, yupo Elminia nigromitrata, ndugu wa karibu wa ndege wetu, ambaye ni kijivu kizito hadi chini na hana weupe mkiani. Kakamega hiyohiyo kuna ndugu mwingine, Elminia longicauda, ambaye hufungua mkia kwa mtindo uleule ila ni bluu ya mbingu na hupenda mahali penye mwanga zaidi. Melaenornis fischeri, anayejulikana sana katika bustani za Nairobi, naye ni kijivu, lakini ni mkubwa zaidi, hana kishungi, hukaa wazi, na pete nyeupe kuzunguka jicho lake huonekana kwa mbali.

Sauti husaidia, japo isikupe kiburi. Ndege huyu hutoa mlio mfupi mkavu anaporukaruka, na wimbo wake ni mchanganyiko wa milio myembamba isiyo na mpangilio. Sikiliza kwanza rekodi nyumbani, kwenye mkusanyo wa sauti za ndege wa xeno-canto kwa mfano. Usiende msituni kumchezea rekodi kwa simu mara kumi ili ajitokeze: ndege anayezaliana hudhani mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kulisha makinda ili akushughulikie wewe.

Pale macho yanapofika mwisho

Kuna mpaka wa kutambua kwa macho, na ni vizuri mtazamaji aujue. Kwa zaidi ya karne moja, Batis wa misitu ya milima ya mashariki mwa Tanzania alihesabiwa kuwa spishi moja, Batis mixta. Vielelezo vyake vilikuwa kwenye makumbusho, wataalamu walivishika mkononi. Mwaka 2006 Jon Fjeldså wa Denmark, Jacob Kiure wa Tanzania na Rauri Bowie walionyesha, kwa manyoya, vipimo na vinasaba, kwamba walikuwa wawili. Yule wa milima ya kusini zaidi, kama Ukaguru na Udzungwa, akapewa jina Batis crypta, kwa maana alikuwa amejificha mbele ya macho ya watu. Mtazamaji mwenye darubini hawezi kudai kwamba amewatenganisha wawili hao kwa mtazamo wa sekunde tatu. Kinachomsaidia zaidi ni jina la mlima aliosimama.

Ndiyo maana mahali ni swali la kwanza na si nyongeza. Tao la Mashariki, kuanzia Vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ni mlolongo wa milima ya kale iliyotengwa na nyika kavu katikati, na kila mmoja hunyweshwa na pepo za Bahari ya Hindi. Ndege wa msituni asiyeweza kuvuka nyika hubaki mlimani kwake, na kwa muda mrefu hubadilika peke yake. Maelezo ya ndege bila jina la mlima hayana thamani kwa sayansi hata picha ikiwa safi.

Amani ina historia ya kazi hii. Reginald Moreau alifika hapo mwaka 1928 kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, akakaa hadi mwaka 1946, na katika miaka hiyo akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Sehemu kubwa ya alichokijua ilitoka kwa wasaidizi wa Kiafrika waliojua msitu kuliko yeye, akiwemo Salimu Asmani, na kwa watu waliokaa karibu na viota wakihesabu mara ngapi mzazi analeta chakula. Hawakuwa na vitabu vya picha vya rangi. Walikuwa na muda, daftari na masikio.

Nawe nunua daftari kabla ya kununua kamera. Darubini ya kukuza mara 8 inatosha. Ya mara 10 au 12 hutetemeka mkononi na uwanja wake ni mwembamba mno kwa ndege asiyetulia. Beba kitambaa kikavu, kwa sababu ukungu utaziba vioo. Andika papo hapo: tarehe, saa, mlima, mwinuko, tabaka la msitu, namna ya kuwinda, mkia, kisha rangi. Jina liandike la mwisho, na kama huna uhakika andika "mdakanzi, hajatambuliwa". Rekodi hiyo ni bora kuliko jina la kubahatisha.

Andika pia hali ya msitu wenyewe. Katika Usambara, iliki imekuwa ikilimwa chini ya miti mikubwa: paa la msitu linabaki, lakini vichaka na mitambaazi hufyekwa. Kwa mpita njia msitu bado upo. Kwa ndege anayewinda kwenye ghorofa ya chini na ya kati, nyumba yake imebomolewa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ila hakuna afisa anayeweza kuwa kila mteremko kila asubuhi. Wakazi, walimu, wanafunzi na waongoza watalii wanaweza. Pelekeni mliyoyaona kwa atlasi ya ndege wa Tanzania au ramani ya ndege wa Kenya, pamoja na siku mlizotafuta na kumkosa. Ndege aliyekosekana mahali alipozoeleka ni taarifa yenye uzito uleule wa aliyeonekana.